Kuwasha biti moja ya rejista (lugha ya C)

Ni kuipa biti moja thamani ya 1 bila kugusa jirani zake. Kwenye Arduino Uno, bodi inayomfaa mwanafunzi anayeanza, rejista PORTB ya chipu ya ATmega328P ina biti 8. Biti ya 5, ukihesabu kuanzia 0, huongoza taa ndogo ya pini 13, mradi rejista ya mwelekeo, DDRB, imeshaifanya pini hiyo kuwa ya kutoa. `PORTB |= (1 << 5);` huiwasha; `PORTB &= ~(1 << 5);` huizima. Kuandika `PORTB = 32;` ni hatari: taa huwaka, lakini biti nyingine saba hufutwa zote, na relei ya pampu iliyounganishwa hapo inaweza kukatika ghafla. Kwa rejista zilizo mbali zaidi ya PORTB kwenye kumbukumbu, kama TIMSK1 ya kipima muda, msimbo unaotolewa na kompaila husoma, hubadilisha kisha huandika. Katizo (interrupt) likiingia katikati na kuigusa rejista ileile, badiliko lake hupotea.