Homa ya Nguruwe ya Afrika (Kigoma na pwani ya Ziwa Tanganyika)

Ugonjwa wa virusi unaoua karibu nguruwe wote wa kufugwa wanaoambukizwa aina kali, haumpati binadamu. Ulielezwa kwanza na R. Eustace Montgomery nchini Kenya mwaka 1921. Porini virusi huishi ndani ya ngiri na kupe laini bila kuwadhuru. Zizini dalili ni homa kali, ngozi kuwa nyekundu au zambarau masikioni na tumboni, kisha vifo vya ghafla. Hauna tiba.

Kwa kata ya ufukweni kama Katonga mkoani Kigoma, kando ya ziwa linalopakana pia na Burundi na Kongo, hatari huja na nyama mbichi, mabaki ya jikoni na nguruwe wasio na kibali. Kupe mara nyingi hulaumiwa kupita kiasi: mfanyabiashara wa kitimoto (nyama ya nguruwe) husafiri mbali zaidi.

Ufuatiliaji huanza kwa mfugaji kutoa taarifa kwa ofisa mifugo. Sampuli za damu au bandama hupimwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Mlipuko ukithibitishwa, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 huruhusu karantini. Mfugaji asiuze wala kuchinja nguruwe mgonjwa.