Mwenge wa Peramiho na Magazeti Yaliyotoka Mbali

Anayetoka Songea mjini kwenda Mbinga huifikia Peramiho baada ya kilomita zipatazo 24. Wengi huijua kwa hospitali yake na kwa abasia ya Wabenediktini. Wanaoijua kwa gazeti ni wachache siku hizi, ingawa hapo ndipo lilipoanza Mwenge mwaka 1937, wakati magazeti ya Kiswahili ya Tanganyika nzima yangeweza kuhesabiwa kwa vidole. Lilitoka kila mwezi, na msomaji wake alijulikana tangu siku ya kwanza: Mkatoliki wa kusini aliyefundishwa kusoma katika shule ya misheni na kurudi kijijini, ambako kitabu kilikuwa adimu.

Msomaji huyo hakuwapo zamani. Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilipozuka, Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, aliuawa njiani akitoka pwani, na misheni ikachomwa moto. Wajerumani walilipiza kisasi kwa njaa na kwa kamba: tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa viongozi wa Wangoni mjini Songea, hapo ambapo leo pana Makumbusho ya Majimaji, na mji ukabaki na jina la mmoja wa mashujaa wa vita hivyo, Nduna Songea Mbano. Baada ya vita Wabenediktini walirudi na kujenga upya, shule kwa shule. Ilichukua takribani miaka thelathini kupata wasomaji wa kutosha kuanzishiwa gazeti.

Wakati huo kila gazeti lilikuwa na watu wake, na mipaka ilionekana wazi kuliko leo. Msimulizi lilichapishwa Zanzibar kuanzia mwaka 1888 na misheni ya Waanglikana, likiwalenga wanafunzi na walimu wa shule zao. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899 lilikuwa la walowezi wa Kijerumani, nao hawakulitumia kuficha madai yao ya ardhi na vibarua. Kiongozi cha Tanga, kilichotoka katika shule ya serikali, kilisomwa na makarani, maakida na walimu. Waingereza walipoingia wakaendeleza mpango uleule: mwaka 1923 idara ya elimu ikatoa Mambo Leo kwa Waafrika waliojua kusoma, na mwaka 1930 wafanyabiashara wa magazeti wa Nairobi wakaleta Tanganyika Standard kwa Wazungu.

Mambo Leo ndilo lililopenya bara. Liliuzwa senti kumi, na ndani yake mlikuwa na matangazo ya serikali, mawaidha ya kilimo, barua za wasomaji na mashairi; Shaaban Robert ni miongoni mwa washairi waliojulikana kupitia kurasa hizo. Habari za mikoani ziliandikwa na wasomaji wenyewe, mwalimu huku na karani kule, kila mmoja akitaka mji wake nao uonekane. Hapo serikali ilikuwa na akili: mtu huliamini gazeti lililomchapisha jina. Siasa haikuruhusiwa kuingia.

Ndipo mwaka 1937 unapovutia. Mwezi Novemba, Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la Kiswahili lililomilikiwa na Mwafrika na kuandikwa kwa ajili ya Waafrika wa mjini. Liliuliza kwa nini mshahara wa Mwafrika ni mdogo na kwa nini biashara zimo mikononi mwa wengine. Kwa hiyo Kwetu na Mwenge ni rika moja, lakini yasingeweza kubadilishana wasomaji. Kwetu lilimtaka mtu wa mjini mwenye manung'uniko. Mwenge lilimtaka mkulima mwenye familia, na lilitaka familia hiyo ibaki kanisani.

Lakini huko kusini wakulima hao, Wangoni na Wandendeule, walikuwa na sababu ya kukaa mbali na nyumbani. Mkoa wa Kusini ulikuwa umesahauliwa, barabara ya kwenda Lindi kupitia Tunduru na Masasi ilikuwa ya mateso wakati wa masika, na zao pekee lililoleta fedha Songea lilikuwa tumbaku, iliyouzwa kupitia chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT. Vijana kwa maelfu walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Nani angesoma gazeti kijijini, basi? Walimu, makatekista, wazee wa kanisa, na nyuma yao wale waliosomewa. Hawa wa mwisho hawahesabiwi katika idadi ya nakala popote duniani.

Miaka ya 1950 ilileta gazeti lisiloomba ruhusa ya padre wala ya bwana shauri. Sauti ya TANU ilianza mwaka 1957 kama karatasi za chama, na mwaka uliofuata makala yake mojawapo ilimfikisha Julius Nyerere mahakamani, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mwafrika la Dar es Salaam nalo liliwapeleka wahariri wake wawili gerezani. Ngurumo lilianza mwaka 1959 kwa bei rahisi na lugha ya mtaani, na Uhuru la TANU likafuata siku ya uhuru wenyewe, tarehe 9 Desemba 1961. Hili la mwisho lilikuwa na faida ambayo Mwenge lilikuwa nayo tangu mwanzo: mtandao wa watu. Palipo na ofisi ya chama palikuwa na Uhuru, kama vile palipo na parokia palivyoweza kuwa na Mwenge. Wizara ya Kilimo ilikuwa na Ukulima wa Kisasa tangu mwaka 1955, na Ruvuma, mkoa wa Songea wa leo, uliohesabiwa baadaye miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi, ndio hasa uliostahili kulisoma.

Peramiho haikukata tamaa. Iligawanya wasomaji wake. Mwaka 1970 ilitoa Mlezi, jarida la mapadre, makatekista na walimu wa dini waliohitaji msaada wa kuandaa mahubiri na masomo, chini ya uhariri wa Padre Gerold Rupper. Mwenge likabaki la familia, na mhariri wake kwa muda mrefu akawa John P. Mbonde, anayejulikana pia kama mwandishi wa fasihi ya Kiswahili. Mwenge lilifikia nakala zipatazo 10,000 na Mlezi 8,000. Kwa jarida la vijijini lililotoka mahali pasipofikika kwa urahisi, hizo si idadi za kudharau.

Redio ndiyo iliyobadilisha hesabu. Radio Maria ya Tanzania ilianzia Songea mwaka 1996, wakati wa Askofu Mkuu Norbert Mtega, na msikilizaji hakuhitaji kujua kusoma wala kusubiri mwezi uishe.

Magazeti ya kila siku yanayouzwa Songea leo huhaririwa Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja kutoka hapo, na mgawanyo wa wasomaji haujafutika. Waislamu wa Tunduru na Songea wana An-Nuur ya Ijumaa, Wakatoliki wana Kiongozi la maaskofu (si lile la Tanga), wapenda udaku wana magazeti yao yenye picha kubwa na aibu za wasanii, na vijana wana Mwanaspoti. Hao wa mpira ndio wenye dai zito kuliko wote, maana Majimaji, timu ya Songea iitwayo Wana Lizombe, walitwaa Ligi ya Muungano mwaka 1985, 1986 na tena 1998. Timu iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, Songea ilipata nafasi kubwa gazetini kila Simba au Yanga walipokwenda Uwanja wa Majimaji. Mwaka 2018 ikashuka daraja, na mji ukarudi kwenye kurasa za ndani pamoja na bei ya mahindi na mbolea ya ruzuku.