Istilahi ya 'Kuhesabiwa Haki' na Neno Moja la Luther

Mwezi Septemba 1522 lilichapishwa mjini Wittenberg Agano Jipya kwa Kijerumani, tafsiri ya Martin Luther. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 3, aya ya 28, Mtume Paulo aelezapo kwamba mtu hupata haki mbele ya Mungu kwa imani wala si kwa matendo ya sheria, Luther alitia neno lisilokuwamo katika Kiyunani: 'allein', yaani 'pekee'.

Kwa watetezi wa Kanisa la Roma hilo halikuwa jambo dogo. Mahali pamoja tu katika Agano Jipya panapotajwa imani pekee ni Waraka wa Yakobo, sura ya 2, aya ya 24, na hapo inatajwa ili ikanushwe. Hieronymus Emser, mmojawapo wa wapinzani wake, alitoa Agano Jipya lake mwaka 1527, ingawa sehemu kubwa ilikuwa maneno ya Luther yule yule yaliyosahihishwa hapa na pale. Luther hakuacha kulitaja hilo.

Jibu lake alilitoa mwaka 1530, katika waraka juu ya kufasiri alioundika akiwa katika ngome ya Coburg. Hoja yake ya kwanza ni ya lugha. Mjerumani, alisema, akitaja mambo mawili, moja akilikubali na la pili akilikataa, hutia neno 'pekee' ili kukataa kwake kuwe wazi. Husema mkulima ameleta nafaka tu, wala hakuleta fedha. Mfasiri na amsikilize mama nyumbani na mtu wa sokoni, asiziulize herufi za Kilatini. Hoja hiyo twaiona ina nguvu. Lakini Luther hakuishia hapo: aliongeza kwamba maana yenyewe ya Paulo yalidai neno hilo, na hapo aliondoka katika ufasiri akaingia katika ufafanuzi.

Hata hivyo, kiini cha mgogoro hakikuwa 'pekee' bali kitenzi. Kitenzi cha Kiyunani kilitumika pia mahakamani: hakimu humtangaza mtu kuwa hana hatia. Kilatini kilikifasiri kwa 'iustificare', neno ambalo ndani yake mna 'kufanya'. Aliyesoma Kilatini aliona mtu akifanywa mwema. Waprotestanti, waliorudi kwenye Kiyunani, waliona mtu akitangazwa mwema angali mkosaji. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulishikilia kwamba tendo hilo si kusamehewa dhambi tu, bali pia ni kutakaswa na kufanywa upya moyoni.

Sasa tukitazame Kiswahili. Biblia ya Kiprotestanti ya mwaka 1952 inatumia 'kuhesabiwa haki'. Kitenzi 'kuhesabiwa' kina asili yake katika sura ya 4 ya waraka ule ule, panaposimuliwa imani ya Ibrahimu, na Kiyunani chake hapo ni neno la mahesabu. Wafasiri wamelichukua wakaliweka hata katika sura ya 3, ambako Kiyunani kina kitenzi kile cha mahakama. Hivyo istilahi yetu imekwisha kuegemea upande mmoja kabla msomaji hajaanza kufikiri. Anayesema 'kufanywa mwenye haki' naye ameegemea upande wa Trento.

Jambo hili si la makanisa peke yao. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya fundisho hili, nalo linataja yote mawili, kusamehewa na kufanywa upya. Mfasiri akiandika 'kuhesabiwa haki' kila mahali atakuwa ameupa upande mmoja ushindi ambao hati haikuutoa. Kwa vitabu vya historia na hati za namna hiyo twapendekeza 'kupata haki mbele ya Mungu'. Maneno 'mbele ya Mungu' yasiachwe, kwa kuwa 'kupata haki' peke yake humpeleka msomaji moja kwa moja mahakamani, au kwenye haki za raia. 'Kuhesabiwa haki' ibaki pale inaponukuliwa Biblia hiyo, au panapoelezwa mafundisho ya Waprotestanti wenyewe.