Galoni ya Uingereza si ya Marekani: Jinsi ya kugeuza vipimo vya mtiririko wa maji

MKULIMA anapoingia dukani kununua pampu ya kisima, huonyeshwa kwanza kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine. Pampu moja imeandikwa mita za ujazo kwa saa, ya pili lita kwa dakika, na ya tatu ina herufi tatu tu, GPM, yaani galoni kwa dakika. Bei zinakaribiana na muuzaji anaapa kwamba zote zina nguvu sawa. Huenda zisiwe sawa hata kidogo, na tofauti hiyo isijulikane hadi pampu iwe imekwisha kuteremshwa kisimani.

Kenya ilifuata mfumo wa metriki baada ya uhuru, lakini haijaachana kabisa na vipimo ilivyorithi kwa Waingereza. Shamba bado hupimwa kwa ekari na urefu wa mtu hutajwa kwa futi. Hata debe, ambalo wengi hudhani ni kipimo cha asili, lilikuwa kopo la mafuta ya taa lililohesabiwa kuwa galoni nne, yaani lita 18 na kitu. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ulipochukua nafasi yake, watu waliendelea kuhesabu kana kwamba ni chombo kilekile.

Mtiririko ni kiasi cha maji kinachopita mahali fulani kwa muda fulani. Haifai kuuchanganya na kasi ya maji. Mto mpana unaotambaa polepole waweza kupitisha maji mengi kuliko kijito kinachoporomoka kwa kishindo. Katika kila kipimo cha mtiririko mna vitu viwili, ujazo na muda, na makosa mengi ya kugeuza vipimo hutokana na kushughulikia kimoja na kukisahau kingine.

Kwa upande wa metriki, hesabu ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, na saa moja ina sekunde 3,600. Kwa hivyo lita moja kwa sekunde ni sawa na mita za ujazo 3.6 kwa saa, au mita za ujazo 86.4 kwa siku. Anayetaka kutoka mita za ujazo kwa saa hadi lita kwa sekunde hugawanya kwa 3.6, anayerudi huzidisha.

Ugumu huanza kwenye galoni, kwa kuwa kuna galoni mbili. Uingereza ya kale ilikuwa na galoni kadhaa, moja ya divai, nyingine ya bia, nyingine ya nafaka. Ile ya divai, iliyowekwa kisheria mwanzoni mwa karne ya 18 katika zama za Malkia Anne, ilikuwa na inchi za ujazo 231. Wamarekani waliichukua na kubaki nayo hata baada ya kujitenga. Waingereza wenyewe waliamua mwaka 1824 kuzifuta zote na kuunda galoni mpya, iliyofafanuliwa kuwa ujazo wa ratili 10 za maji safi yaliyo kwenye nyuzi 62 za Fahrenheit. Galoni hiyo ndiyo iliyosambazwa katika makoloni, Kenya ikiwamo.

Leo galoni ya Uingereza imewekwa kuwa lita 4.54609 kamili, ilhali ya Marekani ni lita 3.785 na sehemu ndogo. Ya Uingereza basi ni kubwa kuliko ya Marekani kwa takriban asilimia 20. Kwa hesabu ya haraka, galoni sita za Marekani ni karibu sawa na galoni tano za Uingereza. Njia nyingine ya mkato, ambayo ni sahihi kuliko inavyotarajiwa, ni kwamba galoni 11 za Uingereza ni lita 50, na ziada yake haijazi hata kijiko cha supu.

Mfano wa shamba

Tuseme mkulima ana ekari tatu za mboga na amekadiria kwamba katika kiangazi mimea yake huhitaji maji ya kimo cha milimita tano kwa siku. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Ekari tatu kwa milimita tano ni karibu lita 60,700 kwa siku. Kama pampu yake ni ya sola na anaitegemea kwa saa sita za jua kali, lazima itoe lita 10,117 kwa saa, sawa na mita za ujazo 10.1 kwa saa, au lita 168.6 kwa dakika.

Sasa aziweke lita hizo katika galoni. Akigawanya 168.6 kwa 4.546 atapata galoni 37 za Uingereza kwa dakika. Akigawanya kwa 3.785 atapata galoni 44.5 za Marekani. Ikiwa amefanya hesabu ya kwanza, kisha akanunua pampu iliyoandikwa 37 GPM ambayo mtengenezaji wake alikusudia galoni za Marekani, atapata lita 140 tu kwa dakika, au lita 50,400 kwa siku nzima ya jua. Pengo ni lita 10,300 hivi, na hayo ndiyo maji ya nusu ekari. Nusu ekari ya sukumawiki itanyauka ilhali pampu haina kasoro yoyote na fundi hana la kurekebisha.

Kosa la upande wa pili lina gharama kubwa zaidi. Kisima kinapochimbwa hupimwa kwa kuvutwa maji kwa saa nyingi, kisha huandikwa kiasi kinachoweza kutolewa bila kukikausha. Chukulia kisima ambacho kiwango chake salama ni mita za ujazo nane kwa saa. Galoni 35 za Marekani kwa dakika ni mita za ujazo 7.9 kwa saa, nazo ziko ndani ya mpaka. Galoni 35 za Uingereza ni mita za ujazo 9.5. Pampu hiyo itanyonya kuliko maji yanavyorudi, kiwango kitashuka hadi kwenye mdomo wake, na mota inayopozwa na maji itabaki kuzunguka katika hewa. Mota za namna hiyo huungua upesi.

Wafanyabiashara waangalifu huandika US GPM au Imperial GPM. Palipoandikwa GPM pekee, mnunuzi hana budi kutafuta katika kitabu cha maelezo namba nyingine iliyo katika lita au mita za ujazo, kisha agawanye. Lita kwa dakika zikigawanywa kwa galoni kwa dakika zikatoa 4.5, ni galoni ya Uingereza, zikitoa 3.8, ni ya Marekani. Ukaguzi huo hauchukui muda, na kwa pampu ya bei ya ng'ombe kadhaa hakuna sababu ya kuuruka. Aidha, namba kubwa iliyo kwenye kibandiko kwa kawaida ni mtiririko wa pampu isiyopandisha maji popote. Kadiri maji yanavyopandishwa juu ndivyo mtiririko unavyopungua, kwa hiyo mchoro unaoonyesha mtiririko katika kila kimo ndio wa kutegemewa, na kimo chenyewe huenda kimeandikwa kwa futi. Mita moja ni futi 3.28.

Mito na chemchemi

Wahandisi wa zama za Waingereza waliopima mito walitumia futi za ujazo kwa sekunde, na rekodi ndefu za mito mingi ya nchi zilizotawaliwa nao zilianzia katika kipimo hicho. Futi ilikubaliwa mwaka 1959 na Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa kuwa mita 0.3048 kamili. Ukizidisha 0.3048 mara tatu kwa yenyewe, futi moja ya ujazo ni lita 28.317. Kwa sababu hiyo mita moja ya ujazo kwa sekunde ni futi za ujazo 35.3 kwa sekunde. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa kuwa hukumbuka kwamba mita ni futi 3.28 na kuzidisha kwa 3.28 mara moja tu. Mto wa futi za ujazo 1,000 kwa sekunde, ambao kwa kweli ni mita za ujazo 28 kwa sekunde, huonekana kwenye daftari lao kuwa mita za ujazo 305, na anayepanga daraja kwa namba hiyo atajenga daraja la mto mwingine kabisa.

Mfano wa karibu wa galoni isiyotajwa jina ni chemchemi za Mzima, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, ambazo maji yake hutoka Milima ya Chyulu na sehemu yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Maandishi mengi ya utalii hutaja galoni milioni 50 kwa siku, bila kusema ni galoni zipi. Zikiwa za Uingereza, ni lita milioni 227 kwa siku, au mita za ujazo 2.63 kwa sekunde. Zikiwa za Marekani, ni lita milioni 189, au mita za ujazo 2.19 kwa sekunde. Kati ya tafsiri hizo mbili kuna lita milioni 38 kila siku. Kila mtu akipewa lita 50 kwa siku, hayo ni maji ya watu 760,000. Kwa mtalii anayetazama viboko tofauti hiyo si kitu, lakini kwa anayepanga bomba haiwezi kupuuzwa.

Mikataba ya mito nayo huandikwa kwa lugha tofauti. Mkataba wa mwaka 1959 kati ya Misri na Sudan ulichukua maji ya Nile yafikayo Aswan kuwa mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Ule wa mto Colorado nchini Marekani, wa mwaka 1922, uliyapa maeneo ya juu na ya chini ya mto ekari-futi milioni 7.5 kila moja kwa mwaka. Ekari-futi moja ni maji yanayofunika ekari moja kwa kina cha futi moja, sawa na mita za ujazo 1,233. Namba hizo mbili hazilinganishwi hadi zishushwe kwenye kipimo kimoja. Kwa kuwa mwaka una sekunde milioni 31.6 hivi, Nile ya mkataba ni wastani wa mita za ujazo 2,660 kwa sekunde, na fungu moja la Colorado ni mita za ujazo 293.

Fauka ya hayo kuna suala la tarakimu. Mashine ya kukokotoa hutoa tarakimu nane bila kuulizwa, na wengi huzinakili zote. Anayepima chemchemi ya kijijini kwa mtungi wa lita 20 na saa ya mkononi, akaona mtungi umejaa kwa sekunde 40, amepata lita 0.5 kwa sekunde, yaani lita 30 kwa dakika. Hizo ni galoni 6.6 za Uingereza au 7.9 za Marekani. Kuandika 6.5991 ni kudai usahihi ambao mtungi hauna. Kwa upande mwingine, anayefupisha 4.546 kuwa 4.5 amepoteza asilimia moja, ambayo kwa Mzima ni zaidi ya lita milioni mbili kwa siku. Inafaa kutumia namba kamili wakati wa hesabu, kisha kufupisha jibu mwishoni.

Mafuta na hewa

Mafuta ghafi huhesabiwa kwa mapipa, na hapa angalau hakuna ubishi, kwani pipa ni galoni 42 za Marekani kote duniani, sawa na lita 159. Mradi wa majaribio wa Turkana, uliosafirisha mafuta kwa malori hadi Mombasa kuanzia mwaka 2018, ulilenga mapipa 2,000 kwa siku. Yaliposikika redioni yalionekana mengi mno. Ukiyageuza ni lita 318,000 kwa siku, au lita 3.7 kwa sekunde, mtiririko wa kujaza mtungi mmoja wa lita 20 kila baada ya sekunde tano na nusu hivi.

Feni na mashine za kupoza hewa huandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, na kila moja ni mita za ujazo 1.7 kwa saa. Ila hewa, tofauti na maji, hubanwa na kutanuka. Futi moja ya ujazo ya hewa ndani ya tangi la kompresa si sawa na futi moja ya hewa ya nje, na mtengenezaji asiyetaja shinikizo na halijoto aliyopimia ametoa namba isiyoweza kugeuzwa kwa uhakika.