Kutoka Mbiu hadi Mtandao: Elimu ya Juu ya Mawasiliano katika Taifa Letu

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Maneno haya machache yamebeba elimu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ndani yake mna mtu aliyetuma habari, mna chombo kilichoipeleka, mna watu waliokusudiwa kuipokea, na juu ya yote mna mapatano ya jamii nzima kwamba sauti ile haipigwi bure. Mambo hayo manne ndiyo msingi wa somo ambalo leo hufundishwa vyuoni, hata kufikia shahada za uzamili na uzamivu, kwa jina la mawasiliano kwa umma.

Katika makala haya tumekusudia kueleza kwa ufupi jinsi somo hilo lilivyoota na kukua nchini Tanzania. Aidha, tunataka kuuliza swali ambalo walimu na wanafunzi wa sekondari hawana budi kulifikiri mapema. Kijana wetu aingiapo chuo kikuu kuchunguza redio, simu na mtandao, huanzia wapi? Je, huanzia kwa watu wake, au huanzia katika vitabu vilivyoandikwa juu ya watu wengine?

Mawasiliano kabla ya vyuo

Ni kosa kudhani kwamba mawasiliano yaliletwa na mitambo. Ngoma, mbiu, mabaraza ya wazee, jando na unyago, vyote vilikuwa njia za kupashana habari na kurithishana maarifa, na kila njia ilikuwa na kanuni zake: nani aseme, aseme nini, mbele ya nani, na wakati gani. Tutazame mfano wa kanga. Mwanamke wa pwani akijifunga kanga yenye jina la fumbo, hakumtaja mtu kwa ulimi. Lakini jirani aliyekusudiwa alielewa, na mpita njia asiyehusika aliona nguo tu. Maana haikukaa katika maandishi peke yake, bali katika uhusiano wa mvaaji na msomaji. Wanafunzi wa shahada za juu hujifunza jambo hilohilo katika nadharia nzito za mapokezi ya ujumbe, ilhali bibi zao walilitenda kila siku.

Maandishi ya kuchapwa yalipokuja, yalikuja na wageni na kwa makusudi ya wageni. Wamisionari wa Kiingereza walichapisha Msimulizi huko Unguja mwaka 1888. Serikali ya Kijerumani ikaanzisha Kiongozi mjini Tanga mwaka 1904, na Waingereza wakatoa Mambo Leo kuanzia mwaka 1923. Hata hivyo, Mwafrika hakubaki msomaji tu. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha gazeti la Kwetu mjini Dar es Salaam, na miaka ishirini baadaye chama cha TANU kikawa na Sauti ya TANU. Waliohariri magazeti hayo hawakupitia chuo cha uandishi, kwa kuwa hakikuwapo. Chuo chao kilikuwa kazi yenyewe na uchungu wa kutawaliwa.

Redio na darasa la chini ya mwembe

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa taifa ambalo mnamo mwaka 1967 takribani theluthi mbili za watu wake wazima hawakujua kusoma na kuandika, redio ilikuwa nyenzo kubwa kuliko gazeti. Ndipo ilipozaliwa fikira ya kuitumia redio kama mwalimu.

Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuelezwa lakini mgumu kutekelezwa. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa sehemu ya kijitabu kilichotayarishwa, kisha wakajadiliana. Waliuliza malaria, kichocho au kuhara damu kunaletwa na nini hapa kwetu, na tunaweza kufanya nini wiki hii kabla ya kukutana tena. Baada ya majadiliano yalifuata matendo: kuchimba vyoo, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba, kufukia madimbwi, kulinda visima. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kazi hiyo, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Mwaka 1975 ilifuata kampeni nyingine ya namna hiyo juu ya lishe, nayo ikaitwa Chakula ni Uhai.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Nguvu ilikuwa katika kuunganisha sauti itokayo mbali na mazungumzo ya watu wanaojuana. Wachunguzi wa mawasiliano katika nchi mbalimbali wameirejea kampeni hii mara nyingi kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, historia haituruhusu kusifu tu. Mada za kampeni zilichaguliwa makao makuu, na mwanakijiji alijadili namna ya kutekeleza kuliko alivyojadili kama jambo lenyewe ndilo alilolihitaji kwanza. Tena miaka ileile ilikuwa ya operesheni za kuhamia vijijini, ambapo wengine walihamishwa bila ya ridhaa yao. Chombo kilekile kilichofundisha afya ndicho kilichotangaza amri. Mtafiti mwaminifu huyaweka mambo hayo mawili pamoja, wala halitumii moja kulifunika jingine.

Kutokana na tajiriba ya miaka hiyo ilichipuka hoja kubwa ya kitaalamu. Budd Hall, aliyekuwa katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, alianza kuona kasoro ya utafiti wa kuwajazisha wanavijiji hojaji na kuondoka nazo. Marja-Liisa Swantz kutoka Ufini naye alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo pamoja na wanafunzi na wanakijiji. Mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa katika sehemu za Bagamoyo kuanzia mwaka 1975 kwa ushirikiano wa wizara iliyoshughulikia utamaduni na watafiti wa Kifini, uliifuata njia hiyo. Wazo lilikuwa kwamba anayechunguzwa awe pia mchunguzi: ashiriki kuuliza swali, kutafuta jibu na kuamua litumikeje. Leo wazo hilo huitwa utafiti shirikishi, na hufundishwa katika vyuo vikuu vya mabara yote. Mwanafunzi wa Kitanzania anayelisoma katika kitabu kilichochapwa ng'ambo yafaa ajue kwamba sehemu ya mizizi yake imo katika udongo wa kwao.

Kuanzishwa kwa vyuo

Elimu rasmi ya uandishi wa habari katika Afrika Mashariki ilikuja polepole. Huko Nyegezi, Mwanza, maaskofu wa Kanisa Katoliki walianzisha mwaka 1960 chuo cha mafunzo ya jamii, ambacho baadaye kilifundisha pia uandishi wa habari, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Shule ya Uandishi wa Habari mwaka 1970 kwa msaada wa UNESCO. Mjini Dar es Salaam, Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilianzishwa mwaka 1975, na mwaka 2003 kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo ndicho Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano kwa Umma.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya majina tu. Chuo cha ufundi humfundisha mwanafunzi kuandika habari, kuhariri, kupiga picha na kutangaza. Chuo kikuu katika ngazi ya uzamili humtaka asimame kando ya kazi hiyo na kuihoji. Kwa nini habari hii imepewa ukurasa wa mbele? Nani hakusikika? Msikilizaji wa Kigoma ameielewa vipi sauti ya Dar es Salaam? Nani anamiliki mtambo, na umiliki huo unabadili nini katika yasemwayo? Fundi mwema hujua kutumia patasi. Mtafiti huuliza kwa nini mlango umewekwa upande huu na si ule. Taifa linawahitaji wote wawili.

Vyombo vipya na maswali mapya

Tangu miaka ya 1990 uwanja wa mawasiliano umegeuka sana. Magazeti, redio na televisheni za watu binafsi ziliruhusiwa. Simu za mkononi zilienea hadi vijijini, na mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini, hata simu ikawa mkoba wa fedha. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilipata njia pana kuliko ile ya setilaiti. Sheria nazo zilifuata: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kila moja imezusha mjadala juu ya mpaka wa uhuru wa kusema na usalama wa jamii.

Turudi sasa kwenye mbiu. Mpiga mbiu alijulikana kwa sura na kwa jina, na aliyemtuma alijulikana pia. Habari ikiwa ya uongo, watu walijua mlango wa kubisha. Lakini ujumbe wa simu uliorushwa kutoka kundi hadi kundi hufika bila ya jina la aliyeuanza. Na kwa kuwa ameuleta ndugu au rafiki, tunauamini kwa heshima ya mletaji, si kwa ukweli wa habari. Hapa pana swali la utafiti lenye uzito wa maisha na mauti. Wakati wa maradhi ya mlipuko, mtu huweza kukataa dawa kwa ajili ya sauti asiyoijua iliyofikishwa na mkono anaoujua. Mtafiti anayetaka kulieleza jambo hili hatafaulu kwa kuhesabu simu na watumiaji tu. Hana budi kuelewa undugu, ujirani, staha na fumbo, yaani utamaduni wenyewe.

Suala la lugha

Lipo tatizo moja ambalo hatuwezi kulikwepa. Tasnifu nyingi za mawasiliano katika vyuo vikuu vyetu huandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti huenda kijijini, huuliza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, hujibiwa kwa methali na mifano, kisha hutafsiri majibu hayo na kuyafungia katika kitabu ambacho waliomjibu hawawezi kukisoma. Elimu iliyotoka kwao hairudi kwao.

Wapo wanaojibu kwamba nadharia na majarida ya fani hii yako kwa Kiingereza, na kwamba msomi asiyeijua lugha hiyo atajitenga na wenzake wa dunia. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, nasi hatuipuuzi. Lakini kujua lugha ya kigeni ni jambo moja, na kukosa maneno ya kueleza elimu katika lugha yako ni jambo jingine. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vimethibitisha kwamba maneno hupatikana yakitafutwa. Leo tunasema tovuti, barua pepe, mtandao na mkongo bila ya kukwaa. Mwaka 2004 wataalamu wa chuo hichohicho walitoa programu za ofisi za kompyuta zenye maelekezo ya Kiswahili. Na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Itakuwa ajabu basi lugha isherehekewe duniani, na hapa nyumbani ionekane haitoshi kueleza namna wenyewe tunavyozungumza.

Hitimisho

Tumeona kwamba elimu ya mawasiliano haikuanza chuoni wala haitaishia huko. Ilianza katika mbiu na baraza, ikapita katika magazeti ya watawala na ya wapigania uhuru, ikakaa chini ya mwembe na redio, kisha ikaingia vyuoni na kupewa shahada. Mwalimu wa sekondari anaweza kuianza kesho darasani. Awape wanafunzi ujumbe mmoja uliopita katika simu za wazazi wao, awaambie wautafute ulikotoka, nani ameuamini, nani ameukataa, na kwa sababu gani. Kisha waandike matokeo yake kwa Kiswahili fasaha na kuwasomea wazazi haohao. Kijana aliyefanya zoezi hilo, siku akifika kwenye shahada ya uzamili, atakuwa ameshajua kuwa watu anaowachunguza wana haki ya kusikia alichokipata. Mkataa kwao ni mtumwa, na elimu inayowakataa waliokuwa chimbuko lake haiwezi kuwa huru.