Kasenyi na Deni la Minervali

Ukiuliza kwa nini binti wa Kasenyi aliacha masomo, jibu la haraka ni umaskini. Jibu hilo si la uongo, ila linaficha tarehe. Ufuko huu wa Ziwa Albert, upande wa Kongo, umejua dhiki tangu zamani, lakini kumdai mvuvi mshahara wa mwalimu ni jambo la juzi, na lina chanzo kinachojulikana. Anayetaka kumrudisha binti huyo darasani sharti ajue kwanza nani alimtoa.

Enzi za Wabelgiji Kasenyi ilikuwa bandari. Barabara ya kutoka Stanleyville kupitia Irumu iliteremka hadi hapa, na meli zikavusha abiria na mizigo kwenda Butiaba, upande wa Uganda, kuelekea reli ya Mombasa. Njia ya namna hiyo ilitaka makarani na mafundi, na shule za misheni, ambazo utawala uliziachia karibu mzigo wote wa elimu, ziliandaa wavulana kwa kazi hizo. Mageuzi ya mwaka 1948 yaliiweka tofauti hiyo kwenye mitaala yenyewe: mvulana alifunguliwa njia ya sekondari, msichana akapangiwa ushonaji, upishi na malezi. Sophie Kanza alipohitimu chuo cha Lovanium mwaka 1964, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, uhuru ulikuwa umeshatimiza miaka minne. Kwa hiyo anayesema wazazi wa ziwani wanadharau elimu ya msichana kwa sababu ya mila, aulizwe ni mila ya nani. Shule yenyewe ndiyo iliyowafundisha kwamba binti hahitaji kusoma sana.

Pigo la pili lilikuja kwa sura ya makubaliano. Mwaka 1974 Rais Mobutu alizitaifisha shule. Mwaka 1977 akazirudisha mikononi mwa makanisa kwa mkataba, serikali ikibaki na wajibu wa kulipa walimu. Hazina ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu waligoma, na wazazi wakakubali kuchanga ili milango ifunguliwe. Mchango huo, primu, ulikuwa wa muda. Ulidumu zaidi ya robo karne. Kwa familia ya mvuvi ulikuwa na ubaya wa pekee: samaki huja kwa majira na upepo, primu ilikuja kila mwezi. Mwezi wa nyavu tupu watoto walifukuzwa, na pesa ilipopatikana ya mmoja tu, kaka ndiye aliyerudi. Mikono ya dada tayari ilikuwa na kazi: kupasua samaki, kutia chumvi, kuanika, kupeleka kwa wachuuzi wanaopanda mteremko kupitia kijiji cha Bogoro hadi mji wa Bunia. Hakuna siku nyumba ilipokaa kikao ikaamua aache shule. Ilikuwa wiki moja ya kusubiri ambayo haikuisha.

Wapo watakaosema chanzo ni mahari, maana kwa jamii ya Wahema wa hapa ng'ombe wa posa ni heshima na mali. Sibishi. Lakini wachumba huanza kubisha hodi kwa binti anayeonekana nyumbani muhula mzima. Mahari hukuta nafasi ambayo ada imekwisha kuiacha. Hoja ya vita ni nzito zaidi. Bogoro iliposhambuliwa tarehe 24 Februari 2003, shule ya pale ilikuwa kambi ya wanamgambo wa kundi la UPC. Na mwaka 2018 makumi ya maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi kukimbilia Uganda. Hata hivyo vita hufunga darasa kwa wote. Tofauti huonekana likifunguliwa tena, pale mzazi aliyepoteza nyavu na mifugo anapochagua nani arudi, na wakati mwingine binti ameshabeba mtoto mgongoni.

Na je, elimu si bure sasa? Katiba ya 2006, kifungu cha 43, iliahidi shule ya msingi bila malipo, na Septemba 2019 ahadi ikaanza kutekelezwa. Hatua kubwa, nayo inastahili sifa. Lakini aliyefukuzwa darasa la tatu mwaka 2012 hakuweza kukaa benchi moja na watoto wa miaka minane, na sekondari bado inadai minervali, yaani ada ya shule. Kwake kuna vituo vya kurekebisha masomo, vinavyobana miaka sita ya msingi kuwa mitatu. Vinafaa, mradi saa zake zikubaliane na saa za samaki na za kunyonyesha, jambo ambalo wapangaji wa ratiba hulisahau kirahisi.

Msaada wa masomo kwa wasichana kama hao huitwa hisani. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliutazama vingine. Tarehe 24 Machi 2017, katika kesi ya Germain Katanga, aliyetiwa hatiani kwa shambulio lile la Bogoro, waliwatambua waathirika 297 wa Bogoro, na fidia waliyoamuru ilihusisha, pamoja na nyumba na njia za kipato, msaada wa masomo. Ada ya shule ikaingia katika orodha ya vitu ambavyo mtu hudai kwa haki. Hukumu hiyo ilihusu asubuhi moja na kijiji kimoja, juu ya mteremko. Chini yake, kwenye barabara hiyohiyo, wasichana wa Kasenyi walitolewa darasani mwezi baada ya mwezi, bila risasi, na jina la mdaiwa wao halijaandikwa katika hukumu yoyote.