Watoto wa Vijiji vya Kampala na Neno Lisilo na Tafsiri

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la kutafsiri kutoka Kiingereza. Kifungu kilihusu malezi ya watoto wachanga, na ndani yake neno 'attachment' lilijitokeza mara kadhaa. Wanafunzi watatu waliandika "kiambatisho". Kwa hiyo mtoto wa miezi minane akawa na kiambatisho kwa mama yake, kana kwamba ni barua ya kuomba kazi yenye nakala ya cheti. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Lakini mwanafunzi mmoja, binti wa huku huku Buganda, akauliza: "Mwalimu, basi tuseme nini?"

Sikuwa na jibu. Nilipokwenda kulitafuta nilikuta kwamba swali lake lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea katika vijiji vya jirani na jiji letu.

Kabla ya Kampala

Itakumbukwa kwamba elimu ya uchanganuzi wa nafsi iliasisiwa na Sigmund Freud (1856–1939) mjini Vienna. Kwa ufupi, elimu hii inadai kuwa mtu hajijui wote, na kuwa mengi anayoyatamani na kuyaogopa ukubwani yana mizizi katika uhusiano wake wa kwanza na waliomlea. Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hata hivyo, wafuasi wengi wa Freud waliamini kwamba mtoto mchanga humpenda mama kwa kuwa mama ndiye anayemshibisha. Upendo, kwa maoni yao, hufuata ziwa.

Aliyelitilia shaka jambo hili ni John Bowlby, daktari na mchanganuzi wa nafsi wa Kliniki ya Tavistock mjini London. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti yake kuhusu madhara yanayompata mtoto anayetenganishwa na mama yake. Bowlby alianza kufikiri kwamba mtoto huzaliwa akiwa na haja ya kuwa karibu na mtu wake, kama ilivyo kwa wanyama wengi, na kwamba haja hiyo si tawi la njaa. Wenzake wengi hawakumwelewa.

Miongoni mwa waliofanya naye kazi alikuwamo Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyezaliwa Marekani mwaka 1913 na kukulia Toronto, Kanada. Naye alikuwa na wasiwasi na mawazo hayo mapya ya mkuu wake. Mwaka 1954 mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, wakaja Kampala pamoja.

Mwaka wa kutengana

Ainsworth aliikuta Buganda katika majonzi. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alikuwa amemhamishia Kabaka Mutesa II Uingereza kwa nguvu, naye hakurudi hadi Oktoba 1955. Sidai kwamba siasa hiyo ndiyo iliyozaa nadharia. Nasema tu kwamba utafiti kuhusu kutengana ulifanyika katika nyumba ambazo wakubwa wenyewe walikuwa wakimngoja mtu wao arudi.

Ainsworth alikuwa amesikia habari za desturi ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake ili alisahau. Alipofika aligundua kuwa familia nyingi hazikuifuata tena. Hivyo akabadili mpango, akaamua kutazama jinsi uhusiano wenyewe unavyojengeka. Alizitembelea familia 26 zilizokuwa na watoto 28 ambao walikuwa bado wakinyonya. Kila baada ya wiki mbili, kwa takriban miezi tisa, alikwenda katika kila nyumba akakaa kama saa mbili, akiangalia na kuuliza.

Aliyoyaona yaligeuza fikra zake. Mtoto aliyekwisha kuanza kutambaa alimwacha mama, akaenda kuchezea kitu upande wa pili wa chumba, kisha akageuka kumtazama, au akarudi kumgusa, halafu akaenda tena. Mama alikuwa kama kambi ambayo msafiri huondoka akijua kuwa atairudia. Mama alipotoka nje, mtoto alilia na kumfuata. Ainsworth aliwagawa watoto hao katika makundi matatu: 16 walikuwa na uhakika na mama zao, 7 hawakuwa na uhakika huo, na 5 walikuwa bado hawajaonyesha uhusiano maalumu.

Alirudi Marekani akafanya utafiti kama huo mjini Baltimore katika miaka ya 1960. Huko watoto walizoea kuona mama akiingia na kutoka, hivyo hawakulia ovyo nyumbani. Ndipo alipobuni jaribio lililompatia sifa, ambalo mtoto huachwa kwa dakika chache katika chumba kigeni kisha mama akarejea. Leo jaribio hilo la Baltimore hufundishwa katika vyuo vingi duniani. Vijiji vya Kampala vilivyotangulia havitajwi sana, ingawa kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda, "Infancy in Uganda", kilitoka mwaka 1967.

Sauti ya mkalimani

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapopaswa kusimama. Katika matokeo ya Uganda, mambo machache tu yalionekana kwenda sambamba na uhakika wa mtoto. Moja ni kiasi cha malezi ambayo mama mwenyewe alimpa. La pili ni kama alifurahia kumnyonyesha. La tatu ndilo lililonishangaza zaidi: ni jinsi mama alivyokuwa hodari wa kueleza habari za mtoto wake. Mama aliyejibu kwa kirefu, akitaja vitu vidogo vidogo alivyoviona kwa mwanawe, ndiye ambaye mtoto wake alielekea kuwa na uhakika.

Sasa tujiulize, maelezo hayo yalitolewa kwa lugha gani? Yalitolewa kwa Kiganda, na mtafiti alisaidiwa na mkalimani. Kwa hiyo mojawapo ya nguzo za nadharia hii imejengwa juu ya masimulizi ya akina mama wa Kiganda na kazi ya mtu aliyekaa katikati akiyageuza kuwa Kiingereza.

Kila mwanafunzi wetu anajua ugumu wa kazi hiyo. Kitenzi cha Kiganda 'okwagala' kina maana ya kutaka na pia ya kupenda. Mama akisema "omwana anjagala", je, tufasiri kuwa mtoto ananitaka, au ananipenda? Kiswahili kinatulazimisha kuchagua, na Kiingereza hali kadhalika. Wachanganuzi wa London walikuwa wakibishana kama haja na upendo ni kitu kimoja au viwili, ilhali katika kijiji cha Buganda kitenzi kimoja kilibeba vyote bila kugombana.

Chukua pia neno mama. Katika Kiganda dada wa mama naye huitwa mama, kama tunavyosema mama mdogo na mama mkubwa katika Kiswahili. Ainsworth mwenyewe aliona kuwa baadhi ya watoto waliwashika pia baba, bibi na ndugu. Lakini nadharia ilipokwenda Baltimore ilibaki zaidi na mama mmoja, na hivyo ndivyo ilivyoturudia. Watafiti wa baadaye, kama Robert LeVine na wenzake waliokaa na Abagusii wa Kenya, walionyesha kuwa mama anaweza kuwa mwepesi sana wa kumtuliza mtoto bila kuzungumza naye kama wafanyavyo mama wa Marekani. Kabila moja halitoshi kuwa kipimo cha makabila yote.

Hata hivyo tumtendee haki. Mwaka huo huo wa 1954, serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha kijitabu cha Dokta J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza Hospitali ya Mathari jijini Nairobi. Humo saikolojia ilitumika kueleza Mau Mau kama ugonjwa wa fikra za Mwafrika, na madai ya ardhi yakawekwa pembeni. Frantz Fanon alimkosoa vikali mwaka 1961. Carothers alieleza watu kutoka mezani. Ainsworth, pamoja na mapungufu yake, aliketi nyumbani kwao akasikiliza.

Hitimisho

Turudi kwenye swali la binti yule. "Mshikamano" tumekwisha kuupeleka kwenye mikutano ya siasa. "Kuzoea" ni hafifu, kwani mtu huzoea hata kituo cha taksi. "Kumganda mama" ni Kiswahili hai cha nyumbani, lakini kinapotosha: mtoto mwenye uhakika hagandi, bali huenda kucheza akijua pa kurudi. Mimi napendekeza kitenzi "kuegemea", na yule anayeegemewa awe "egemeo". Neno hili halisemi kuwa egemeo lazima liwe moja, wala kuwa lazima liwe mwanamke.

Nilimpelekea mwanafunzi wangu pendekezo hili. Alilipokea kwa adabu, kisha akasema kuwa likizo atakwenda kwanza kumwuliza bibi yake jinsi wanavyosema kijijini. Watoto wale 28, wale walio hai, leo wamepita umri wa miaka 70, na huenda wengine wao wanalea wajukuu. Nimemwambia asiogope kuuliza kwa kirefu, na aandike jibu kwa Kiganda kabla ya kulitafsiri. Wasomaji wenye maoni kuhusu istilahi hii wanakaribishwa kuyaleta idarani.